Mikono Minne, Plasta Moja

Siku mliyoniaga pale karakana mlinisimamisha mbele ya watu mkasema Shosho aseme kitu. Nikasema ahsanteni, kuleni keki, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mimi maneno hunijia nikishafika nyumbani na kuvua viatu. Sasa niko nyumbani Mutuini, viatu nimevua, mikono haina kazi, na mjukuu wangu Nasra amesema kama nina ya kuwaambia niyaandike, nisimweleze yeye peke yake kila akiketi kula. Basi someni. Shule yangu iliishia darasa la nne. Herufi ninazo za kutosha, na ulimi wangu mnaujua.

Kwanza mjue sikuingia kazi hii kama msanii. Hilo neno nimelisikia uzeeni. Niliingia kama mfagiaji.

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi huko Ngara, tukiishi kwenye fleti mtaa wa nyuma. Alipofariki aliniacha na Zena, binti yetu, bado hata kutembea hajui. Mwenye duka akanihurumia. Akaniambia nyuma ya duka kuna karakana ya mapambo ya dari, vumbi limejaa, na fundi wake hajui ufagio ni mnyama gani; nikitaka niende. Eda yangu ilipokwisha nikaenda.

Huyo fundi aliitwa Shitandi, mtu wa upande wa Kakamega, ambaye mkewe naye alikuwa amefariki huko kwao. Nilimkuta ameinama juu ya meza ndefu, mweupe mpaka nyusi kama aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Hakunisalimia. Aliniambia tu nisifagie karibu na ndoo. Sasa, mimi baba yangu alikuwa fundi wa chokaa kule Lamu. Alichonga maua na nakshi kwenye kuta za ndani za nyumba za watu, na nimekua nikimpondea chokaa kwa mchi. Nilipoiona ile ndoo ya uji mweupe nilihisi nimemwona mtu wa kwetu katikati ya Ngara. Nikaingiza mkono.

“Mama, toa mkono hapo,” akasema. “Hiyo kitu inajipika.”

Nilidhani ananidhihaki. Halafu nikasikia joto linapanda kwenye vidole, bila moto, bila jua, kama mtoto anayeanza homa. Nikautoa mkono. Yeye akarudi kwenye meza yake, lakini niliona bega lake linacheka.

Nyinyi mmezaliwa mkaikuta jasi, hii plasta yetu, hamuwezi kujua ilivyonishangaza. Chokaa ya baba yangu ni mzee mstaarabu. Unaipaka, unakula, unalala, unaswali, unarudi alasiri unaichonga taratibu, nayo bado inakungoja. Jasi ya Nairobi ni kama Nairobi yenyewe. Ukigeuka kutafuta mwiko, imeshaondoka.

Baada ya muda Fundi aliniona nikifinyanga mabaki ya plasta mezani, nikitengeneza yale maua ya baba. Hakunisifu. Alinisogezea karai na mwiko mdogo akasema nijaribu waridi moja la kuzungushia taa. Nikachanganya plasta yangu ya kwanza. Nikaipiga vizuri, laini kama maziwa mala, na hapo adhana ya adhuhuri ikalia. Mimi kwa akili ya Lamu nikafunika ndoo kwa gunia bichi, nikaenda kuswali. Niliporudi mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya ndoo, na ndoo imekuwa jiwe. Fundi ameketi kando yake kama mtu anayelinda maiti.

“Umeswali?” akaniuliza.

“Nimeswali.”

“Na mimi nilikuombea hapa ikungoje. Haikusikia.”

Nilikasirika siku ile. Ndoo ilibidi tuipasue kwa nyundo. Lakini tangu siku hiyo, sikilizeni vizuri, mtu yule wa kanisa hakuchanganya plasta tena ikikaribia adhana. Hata mara moja. Alikuwa akisikiliza msikiti kuliko mimi. Kuna siku nimezama kwenye kazi, nimenyoosha mkono kwenye unga, naye anasema bila kuinua uso, “Ngoja kwanza, Mama Zena, watu wako wanaita.” Halafu anakaa anasugua visu vyake kwa msasa mpaka nirudi. Hiyo sheria mnayoifuata mpaka leo, ya kutochanganya plasta karibu na adhana, nyinyi mnadhani ni sheria ya dini yangu. Ni sheria ya Fundi Shitandi. Wengi wenu hamkumkuta, ndiyo maana ninaandika.

Alinifundisha kila kitu mlichojifunza kwangu. Unga ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya unga. Unaunyunyiza kwa vidole mpaka vitokeze visiwa juu ya maji, unauacha unywe, ndipo unakoroga, na unakoroga kama unayemnong’oneza mtu, si kama unayepiga ugali, maana ukipiga unaingiza mapovu na mapovu yatakuaibisha mbele ya mteja. Chumvi kidogo inaikimbiza ishike upesi. Ndimu inaibembeleza ichelewe kushika. Ikishaanza kulala usiiongeze maji ukitaka kuiamsha. Utaipata laini, ndiyo, lakini haitakuwa na nguvu tena, itakuwa kama mlevi aliyeamshwa kwenda kazini. Imwage, anza upya. Na mfunge pua na mdomo. Hili nitalirudia nikiwa kaburini. Fundi hakufunga, kwa sababu wakati wetu mwanaume akijifunga kitambaa usoni watu walimwuliza kama anaumwa jino.

Tulifanya dari miaka mingi. Mawaridi, mashada ya zabibu, mistari ya pembeni, kwenye nyumba za watu wenye nafasi huko Lavington na Loresho ambao walipenda kulala wakitazama zabibu juu ya vichwa vyao. Zena akakua chini ya meza ile. Akaenda shule, akaolewa, akamzaa Nasra. Halafu zikaja dari za mbao nyepesi zinazofika zimeshachongwa kiwandani, unapiga skrubu unaenda zako. Simu ya karakana ikanyamaza. Fundi akawa anachekecha unga uliokwisha kuchekechwa.

Aliyetutoa hapo ni mama mmoja wa kupamba maofisi. Alikuja na karatasi aliyokata kwenye gazeti la mapambo: picha ya maua, lakini maua yametoka nje ya kitambaa, unaweza kuyashika petali. Akauliza kama tunaweza. Fundi akasema tunaweza kabla mimi sijauelewa huo ukurasa. Kwa nini tusiweze, akaniambia baadaye, ni dari tu iliyoshuka ukutani.

Haikuwa dari iliyoshuka ukutani. Tulinunua kitambaa cha marekani, tukakivuta kwenye fremu kama ngoma, tukakipaka plasta ile ile ya dari, tukaisimamisha ikauke. Asubuhi ilikuwa imepasuka kila upande kama bwawa la Kajiado mwezi wa pili. Ukuta umekaa, hauendi popote. Kitambaa kinapumua. Ukikigusa kinarudi nyuma, na plasta haijui kurudi nyuma. Hilo ndilo kosa ambalo mtu yeyote wa ukutani angelifanya, na sisi tulikuwa watu wa ukutani mpaka kwenye mifupa. Mimi nilitaka tuache. Nikamwambia Fundi mungu wa dari hakukusudia zishuke.

Yeye hakuacha. Akaweka plaiwudi nyembamba nyuma ya marekani. Akachanganya gundi nyeupe ya seremala kwenye maji kabla ya unga. Mkono wa kwanza wa plasta ukawa mwembamba kama maziwa ya chai, usuguliwe uingie kwenye nyuzi. Na kwenye mkono wa pili akakata katani fupi fupi, kama nywele za kinyozi, akazitawanya ndani ili plasta ipate mishipa. Katani alikuwa akiitumia kwenye dari ili zabibu zisimdondokee mtu kitandani. Tukailaza picha mezani, hatukuisimamisha. Ikakaa. Asubuhi tuliigonga kwa ukucha ikalia kama sahani.

Petali tulizitengeneza kwa pakiti ya maziwa iliyokatwa ncha. Nyasi kwa kichana cha Zena, ambacho mpaka leo anakidai. Magome ya miti kwa uma. Mliponikuta na visu vile vya kununuliwa, vya seti, vinavyong’aa, mlinidhani mtu wa visu. Mimi ni mtu wa uma.

Sasa nifike kwenye mikono minne. Picha ndogo mtu mmoja anaiweza. Picha kubwa plasta itashika upande wa kushoto wakati wewe bado uko kulia. Kwa hiyo kubwa hufanywa na wawili, mmoja anaweka, mwingine anachonga, na hamna nafasi ya kuongea. Fundi alikuwa mtu wa mashoto. Mimi natumia kulia. Tulisimama bega kwa bega, yeye akienda huku, mimi nikienda kule, tukikutana katikati. Nilijua anachotaka kwa namna alivyoinamisha kifundo cha mkono. Alijua nimechoka kabla mimi sijajua. Kuna siku tulimaliza picha nzima bila neno, tukanawa kwenye karai moja, maji yakawa maziwa, na nikagundua kwamba sijawahi kuwa karibu na mtu yeyote hivyo, hata marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mume mwema na mwenye maneno mengi. Wasichana, sijui nyinyi mnaitaje kitu kama hicho. Sisi hatukukiita.

Kazi ngumu kuliko zote ilitoka hospitali moja ya akina mama upande wa magharibi wa jiji. Walitaka picha ndefu ya ukumbi ambako wajawazito hutembezwa wakingoja. Daktari alisema anataka kitu cha milima, kisicho na damu na kisicho na maua, maana maua wagonjwa wanaletewa. Fundi akasema ana mawe.

Kwao nyuma ya boma kuna mawe makubwa kuliko nyumba, yamepandana, hakuna ajuaye yalifikaje. Mimi sijawahi kufika huko. Ikabidi anieleze mpaka niweze kuyafinyanga. Alieleza kama anayesimulia watu wa ukoo. Hili limeinama kama linasikiliza mlango. Hili watoto hulitelezea makalio mpaka kaptura zinatoboka. Nikamwuliza ngozi yake ikoje, laini au ina chunusi, kwa sababu lazima nijue nishike kisu au sponji. Akasimama kidogo na mwiko hewani.

“Asubuhi ni baridi na linakwaruza,” akasema. “Jioni ukiliegemea ni kama mgongo wa mtu.”

Nikachukua sponji.

Tulifanya jiwe moja kwa siku. Kifua chake kilikuwa kimeanza. Alikuwa akikohoa akigeukia ukutani ili asinitikise mkono, na mimi nilianza kuharakisha upande wangu ili nimfikie mapema apumzike, naye akaona, akaharakisha wake. Tukawa kama punda wawili wanaoshindana kuvuta.

Siku ya jiwe la juu, lile kubwa, nilikuwa nimeikinga plasta yake kwa viganja viwili isiteleze, naye anakata mstari wa kivuli chini yake. Akasema, uso ameinamisha, kwamba anarudi nyumbani. Kifua kimekataa vumbi. Mkaza mwanawe amemsafishia chumba. Nikasema ni vizuri, nyumbani kuna hewa. Akakata mstari wote mpaka mwisho. Halafu akasema:

“Mama Zena, haya mawe ungeyaona kwa macho yako.”

Nyinyi mnaulizana mambo kwa simu, tena kwa vikatuni vya moyo. Watu wazima wa wakati wetu hawakuulizana hivyo. Nilielewa alichouliza, na alijua nimeelewa. Mimi Mwislamu, bibi mwenye mjukuu, mtoto wa fundi wa chokaa. Yeye mtu wa kanisa na suti yake ya Jumapili. Wanawe wangesema. Zena angesema. Mtaa mzima wa Ngara ungesema, na Ngara hawasemi polepole. Hayo yote yalinipita kichwani kwa pamoja, na chini ya viganja vyangu plasta ikaanza kupata joto.

“Fundi,” nikasema, “inashika.”

“Ni kweli,” akasema. “Inashika.”

Tukaendelea. Hakuna aliyeharibu jiwe. Mtu yeyote akiliona leo hatajua kuna swali lilipita hapo. Tulipomaliza alinawa, akajifuta, akauliza kama kuna chai. Mimi nilingoja aulize tena. Nilingoja siku ile, na kesho yake, na tulipokuwa tunapaka rangi, ambayo si kazi ya haraka, mtu anaweza kuongea vizuri tu huku anapaka rangi. Hakuuliza. Mtu akisikia jibu hurudi kwenye shughuli zake. Mimi ndiye niliyedhani sijajibu.

Siku ya kuondoka aliikuta karakana imejaa, maana tulikuwa tumeshachukua wasichana wawili wa kwanza, na kila mmoja wetu, mimi pamoja nao, ana zawadi ya sweta. Sweta tatu mtu mmoja. Aliwashukuru. Aliwaonyesha tena visiwa kwenye maji, kana kwamba hawajaona kila siku. Halafu akawaambia, mimi nikiwepo, “Msimchanganyie Mama Zena plasta karibu na adhana.” Akachukua begi lake.

Baada ya hapo mnaijua habari. Kodi ya Ngara ikapanda, tukahamia Satellite, kwenye lile banda lenye bati linalovuja ambalo nyinyi mnalipenda kwa sababu liko karibu na chips. Nikawafundisha. Nasra akaja likizo moja kucheza na unga, hakuondoka. Na simsifu kwa sababu ni damu yangu. Namsifu kwa sababu ni damu yangu na anajua kazi. Mtoto yule anaweza kuweka petali kwa pakiti ya maziwa huku anamjibu mteja kwenye simu na kumkaripia mwenye boda boda aliyeleta plaiwudi iliyopinda, na petali isitetemeke. Nilipomwona mara ya kwanza akiinamisha kifundo cha mkono kuniomba nisogeze karai, nilitoka nje nikajifanya natafuta upepo.

Mmeshaniuliza mara nyingi kwa nini picha za mawe sizikatai, hata mteja akitaka kwa haraka, hata mwezi wa saba wakati jua la Nairobi halikaushi hata soksi. Mlisema, “Shosho, si utuachie tu, hizo ni rahisi.” Ni kweli ni rahisi. Nilizifanya mwenyewe kwa sababu kila nikilifinyanga jiwe, upande wa kushoto wangu palikuwa na nafasi ya mtu. Sikuweza kuizoea. Nimefanya kazi na wengi wenu bega kwa bega, na ni wazuri, lakini mlisimama pale kama watu waliosimama kwenye nafasi ya mtu.

Fundi alinipigia kila Idi. Mimi nilimpigia kila Krismasi. Tuliulizana mvua. Tuliulizana magoti. Aliniuliza watoto wanachanganyaje, nikamwambia wanapiga kama ugali, akacheka mpaka akakohoa, akakata simu. Hayo ndiyo tuliyoongea miaka yote hiyo, na nikikata simu nilikuwa na siku nzima nzuri, halafu wiki mbaya.

Mwaka huu mwanzoni wale wa hospitali wakampigia Nasra. Bomba lilivuja juu ya ukumbi, maji yakateremka ukutani, pembe ya chini ya picha imevimba. Nikasema naenda mwenyewe. Vidole vyangu mlikuwa mmeshaviona, jinsi asubuhi vinavyokataa kufunga, lakini mliniheshimu mkanyamaza. Tukaenda, mimi na Nasra.

Sikuwa nimeiona picha ile tangu tuitundike. Muuguzi akaomba radhi kabla sijafungua mdomo. Akasema wanayashika sana haya mawe, akina mama, uchungu ukija wanaegemea, wametundika tangazo wakachoka, wakalitoa. Ni kweli. Jiwe la kati lilikuwa limelainika na kupata rangi ya viganja, kama mlango wa zamani. Wakati tunaongea, mama mmoja aliyekuwa anatembezwa na dada yake alisimama, akaweka mikono yote miwili pale, akainamisha kichwa, akapumua, akaenda zake. Hakututazama. Nikamwambia muuguzi wasilirudishe lile tangazo.

Nasra akaanza kukata sehemu iliyovimba. Ilibidi tufike kwenye plasta nzima, ile kavu, ili mpya ipate pa kushika. Nikamwelekeza kwa kidole. Na nilipokuwa naangalia nikaona mikono yetu, wa Fundi na wangu, kwenye plasta. Fundi alikuwa akivuta kisu kutoka kulia, mistari yake inalala huku. Yangu inalala kule. Nikaanza kuipanga kichwani: hili lake, hili langu, kivuli hiki chake, hii chunusi ya sponji yangu. Nikafika jiwe la juu. Nilisogea karibu, nikavaa miwani. Mistari inakwenda huku na kule, imeingiliana. Nimetazama mpaka shingo ikauma. Sikuweza kujua wapi mimi ninaishia.

Nikataka kupaka plasta mpya mwenyewe. Nasra akachanganya, visiwa vizuri, kakoroga kwa kunong’ona, nikachukua mwiko. Ukaniponyoka. Nikauokota. Ukaniponyoka tena. Mara ya tatu Nasra akauokota yeye, hakunirudishia. Akamaliza kazi akiwa peke yake, haraka, maana haingoji, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wajawazito. Akaifanya vizuri. Kwenye pembe ile sasa kuna mkono wa tatu. Tulipotoka nje nikamwambia awaambie nyinyi kwamba nimemaliza.

Kwa hiyo si umri ulionitoa, ni ule mwiko, wala si kwamba nimechoka nanyi, ingawa kuna siku mlijitahidi.

Wiki ile ile nikampigia Fundi. Haikuwa Idi wala Krismasi, ndiyo maana alipopokea alisema, “Nani amekufa?”

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimeacha kazi. Nilisikia anavyopumua, na wasichana, kupumua kule kulikuwa kazi. Nikamweleza bomba, pembe iliyovimba, akina mama wanaoegemea. Akataka nirudie hapo pa kuegemea. Nikarudia. Halafu nikamwuliza, na moyo wangu ulikuwa unagonga kama wa msichana aliyetumwa dukani akapoteza chenji, kama yale mawe ya kweli bado yapo.

“Mawe yaende wapi?” akasema.

“Basi nije niyaone.”

Akasema chumba cha wageni kina dirisha linaloyatazama, na msikiti uko karibu na soko, si mbali, adhana inasikika mpaka kwake upepo ukiwa mzuri. Akawa ameanza kueleza njia, mahali pa kushuka, kikohozi kikamshika. Mkaza mwanawe akachukua simu, nikasikia anatoka nayo nje, kuku wanalia. Akanisalimia kwa adabu. Akasema, “Mama, kama unapanga kuja, usipange sana.”

Naondoka Ijumaa baada ya swala. Zena nilimwambia nikidhani atasema. Alisema nichukue sweta, huko kuna baridi asubuhi, akaanza kunifungia vitu. Sijui alikuwa amejua tangu lini. Karakana ni ya Nasra, mumsikilize, na yeye pia mumkatalie akikosea, maana anajiona. Mfunge pua na mdomo. Mtu akiniulizia mwambieni yuko safarini, msiseme anarudi lini, kwa sababu sijapanga.

Jana Nasra alinikuta nakunja kanga akakaa kitandani. Akaniuliza, “Bibi, sasa utafanya nini huko, kukaa kutwa nzima na mzee anayekohoa?”

Nikamwambia ndiyo.